Majina Yafichwe, Vitabu Vifunguliwe

Hotuba kwa semina ya wazee wa kanisa na kamati za diakonia

Bwana Yesu asifiwe!

Baba Mchungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa, mama zangu wa Umoja wa Wanawake, na ninyi vijana mliotumwa na jumuiya zenu, nashukuru kwa kunialika. Barua inasema nizungumze juu ya unyenyekevu katika utoaji. Mimi ni mhasibu, na kwa miaka mingi nimekuwa mhazini wa usharika. Unyenyekevu ulio moyoni mwa mtu siwezi kuupima, na sidhani kama kuna kamati inayoweza. Kwa hiyo nitazungumza juu ya kitu tunachoweza kukishika, yaani utaratibu wetu. Nani anajua kwamba fulani katoa? Nani anajua kwamba fulani kapewa? Na daftari la hesabu liko wapi?

Hoja yangu naiweka mezani mapema, kabla mawazo hayajahamia kwenye chai ya saa nne. Makanisani mwetu tumegeuza mambo. Yaliyopaswa kufichwa tumeyatoa nje: jina la mtoaji na, vibaya zaidi, jina la mpokeaji. Yaliyopaswa kuwa wazi, yaani mapato na matumizi, ndiyo tumeyafungia kabatini. Msharika akiuliza fedha za diakonia, yaani za huduma kwa wahitaji, za mwaka jana zilikwenda wapi, anajibiwa kwa andiko: mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume! Nimewahi kulisikia jibu hilo kwenye mkutano mkuu wa usharika mmoja, tena kutoka kwa mtu aliyekuwa ametangaza madhabahuni wiki mbili kabla, kwa majina, kaya zote zilizopewa mchele wa Krismasi.

Tuanzie kwenye Hotuba ya Mlimani, Mathayo sura ya sita. "Basi wewe utoapo sadaka, usipige panda mbele yako, kama wanafiki wafanyavyo katika masinagogi na njiani, ili watukuzwe na watu. Amin, nawaambia, Wamekwisha kupata thawabu yao." Wataalamu wanabishana kama kweli kuna mtu aliyepiga panda, yaani tarumbeta, akigawa sadaka, au Bwana alikuwa anachekesha kidogo. Mimi sina ugomvi na upande wowote. Ila Mishna, yale mapokeo ya marabi yaliyokusanywa mnamo mwaka 200, inatueleza kwamba Hekaluni palikuwa na masanduku 13 ya sadaka yenye umbo la panda. Na mahali pengine katika sehemu hiyo hiyo inataja chumba kilichoitwa chumba cha siri. Wacha Mungu waliingia humo wakaweka walichonacho kimyakimya, na maskini waliotoka katika familia za heshima wakasaidiwa kutoka humo humo, nao kimyakimya.

Angalieni mpango huo. Aliyeweka hajui kimemfikia nani. Aliyechukua hajui kimetoka kwa nani. Hakuna anayemdai mwenzake shukrani, na wakikutana sokoni kesho yake wanasalimiana kama watu wawili wa kawaida. Wahubiri wengi wakilisoma fungu la Mathayo wanaishia kwenye moyo wa mtoaji, asije akajivuna. Ni sawa, lakini huo ni mlango mmoja tu wa kile chumba. Mlango wa pili ni wa yule anayeingia kuchukua, na huo ndio tulioung'oa kabisa.

Mnamkumbuka mjane wa Marko 12, aliyetia senti mbili. Huyo tumemhubiri mpaka amechoka, hasa misimu ya ujenzi. Isomeni tena mkifika nyumbani, mtaona jambo ambalo sijui kwa nini hatulisemi. Yesu ameketi kuelekea sanduku la hazina, anawaona matajiri wakitia vingi, anamwona mama huyu. Je, anamwita mbele? Hapana. Marko anasema aliwaita wanafunzi wake. Somo linafundishwa pembeni, kwa sauti ya kawaida, na mama anaondoka zake bila kujua kwamba ametajwa. Jina lake hatujui mpaka leo. Angekuwa kwenye harambee zetu angepandishwa jukwaani, akapewa kipaza sauti, mgeni rasmi akamwongezea elfu hamsini mbele ya kamera, na watu wakasema Mungu ametenda.

Na kuna Boazi, ambaye kwangu ndiye mwalimu mkuu wa somo hili katika Agano la Kale. Ruthu ni mgeni, ni mjane, anaokota masazo ya shayiri nyuma ya wavunaji. Boazi angeweza kumpa gunia zima mchana kweupe na kijiji kizima kikapiga makofi. Badala yake anawanong'oneza vijana wake: chomoeni masuke kutoka kwenye matita, yaacheni chini, yeye ataokota, wala msimkemee. Jioni ile Ruthu anarudi kwa mama mkwe wake na mzigo alioupata kwa mgongo wake mwenyewe. Boazi anajua siri hiyo, na vijana wake wanaijua. Ruthu anachojua ni kwamba leo shamba limejibu.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, Florence, Italia, mwaka 1442. Nimeuchagua mji huo kwa sababu ulikuwa mji wa wahasibu na mabenki, watu wanaojua thamani ya jina. Palikuwa na mtawa Mdominiko aliyeitwa Antonino, mkuu wa nyumba ya watawa ya San Marco, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu mkuu wa mji huo. Antonino aliona kundi la maskini ambalo hakuna aliyekuwa akilihudumia. Ombaomba wa mlangoni pa kanisa walikuwa na namna yao, walinyoosha mkono, wakapata mkate. Lakini fundi aliyepoteza kazi, mfanyabiashara aliyefilisika, mjane wa nyumba iliyokuwa na jina, hao walikaa ndani na njaa yao, milango imefungwa. Watu wa Florence waliwaita maskini wenye haya.

Antonino akakusanya walei 12, yaani waumini wasio mapadre wala watawa. Wakaitwa Buonomini di San Martino, yaani Watu Wema wa Mtakatifu Martino. Kazi yao ilikuwa kuwatafuta wale wenye haya na kuwafikia bila kelele. Walipeleka chakula na nguo, walimtembelea mama aliyejifungua, waliongezea mahari ya binti ambaye baba yake alikuwa ameishiwa, na walilipa deni ili mtu atoke gerezani. Wakajiwekea na sharti moja ambalo mhasibu yeyote akilisikia jasho linamtoka: wasiwe na akiba. Kinachoingia kitoke. Na siku kilipokwisha kabisa, waliwasha mshumaa mlangoni. Mji ukiona mshumaa unajua kwamba Watu Wema wameishiwa, na wenye nacho wanapeleka. Mlangoni hapakubandikwa orodha ya waliochanga wala ya wanaohitaji. Ujumbe ulikuwa mmoja tu, kwamba sanduku ni tupu.

Chama hicho kipo hadi leo, karibu miaka 600. Kikanisa chao kidogo kiko katikati ya Florence, na kuta zake zina michoro ya mwishoni mwa karne ya 15 inayoonyesha kazi zao. Mmoja wa michoro hiyo ndio ninaoupenda kuliko mingine yote. Hauonyeshi mtu akimpa mtu kitu. Unaonyesha Watu Wema wakiorodhesha vitu vya nyumba, na mmoja anaandika. Ndiyo, wameketi wanaandika! Watu waliokuwa wakificha majina ya maskini wao walikuwa ndio hao hao wanaotunza vitabu vya hesabu, na vitabu hivyo vimehifadhiwa. Hawakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili, kwa sababu haupo.

Ukitoka hapo kwa miguu, si mbali, unafika kanisa la Santa Maria Novella. Uso wa kanisa hilo uligharamiwa na mfanyabiashara Giovanni Rucellai, na jina lake limeandikwa juu kwa herufi kubwa za Kilatini pamoja na mwaka, 1470. Ni jengo zuri mno, siwezi kulikana. Watalii wanalipiga picha kila siku. Amekwisha kupata thawabu yake, tena imedumu kuliko za wengi wetu, maana zetu ni vibao vya bati kwenye benchi: limetolewa na familia ya fulani.

Turudi nyumbani. Maskini wenye haya ni nani hapa kwetu? Ni mwalimu mstaafu anayefuatilia mafao yake ofisi kwa ofisi, huku mtaa mzima unaamini ana hela za kiinua mgongo. Ni mama aliyekuwa na duka la vitenge, mtaji ukakata, mikopo ya kausha damu ikambebea makochi na televisheni usiku. Ni familia yenye nyumba ya geti jeusi na marumaru sebuleni, na jikoni hakujawashwa kitu tangu jana. Hawa hawaendi kwa mwenyekiti wa mtaa. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ina utaratibu wake wa kuthibitisha kaya maskini mbele ya mkutano wa kijiji. Ile ni serikali, inagawa kodi za watu, ina sababu zake. Kanisa likiiga utaratibu huo, litawahudumia wale tu walioshazoea kuonekana. Mwenye haya atakufa na haya yake, na siku ya mazishi tutatangaziana tuchangie jeneza.

Ninajua mtu atasema, mbona kwenye jumuiya tunajuana sote? Kweli. Ndiyo maana siri ni kazi, inahitaji kupangwa. Hebu fikirini kundi la WhatsApp la jumuiya. Mama amelazwa, mwenyekiti anaandika: tumchangie dada yetu fulani, amelazwa wodi fulani, ugonjwa fulani. Kisha inakuja orodha. Namba moja, Baba Neema, 50,000, alama ya tiki. Namba mbili, Mama Joshua, 20,000, tiki. Namba tisa, 2,000, tiki. Kila anayeongezwa, orodha inatumwa upya, na wote 80 wanaisoma upya kuanzia juu. Yule wa 2,000 anaonekana mara 30 kwa siku. Wasiotajwa nao wanahesabiwa kimoyomoyo. Na mgonjwa mwenyewe yumo kwenye kundi! Amelala na dripu mkononi, anasoma thamani yake ikipanda kwa elfu mbili mbili.

Walioanzisha orodha hizi hawakuwa na nia mbaya. Walitaka mwenye kukusanya asiweze kusema sikupokea. Basi tumalize tatizo hilo kwa njia yake. Anayetuma kwa simu anapata ujumbe wa muamala papo hapo, ile ni risiti. Mhazini amjibu faraghani, asante, imefika. Kwenye kundi iandikwe jumla peke yake: hadi jioni hii zimepatikana 640,000, watoaji 37. Anayetaka kukagua aje na ujumbe wake wa muamala. Uwazi umebaki pale pale, na yule wa 2,000 amelala kwa amani.

Picha. Hapa sitapunguza maneno. Msimu wa Krismasi tunakwenda kwenye vituo vya watoto yatima, fulana mpya, bango, maboksi ya sabuni. Mtoto wa miaka saba anasimamishwa katikati, anapewa katoni ya tambi, anaambiwa angalia kamera, cheka. Picha inakwenda mtandaoni kabla gari halijarudi. Mtoto huyo atakuwa kijana, ataomba kazi, ataposa, na picha itakuwa bado inamsubiri. Yule bibi aliyepigwa picha anapokea kilo tano za unga atakuja kugombana na jirani yake juu ya mpaka, kama majirani wanavyogombana, na jirani atajua pa kumchoma: hata unga ulikuwa wa kuletewa! Hayo ndiyo masimango, na silaha yake tuliichonga sisi, kwa simu zetu, tukaandika chini yake Mungu ni mwema. Kama amri ya Kristo haitoshi, nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sura ya mtoto na habari za ugonjwa wa mtu si mali ya kamati ya matangazo.

Najua pia sharika zenye marafiki Ujerumani na Marekani zitasema wafadhili wanataka picha. Wapelekeeni picha ya paa lililoezekwa. Wapelekeeni risiti za mabati. Mkiwaeleza kwamba kwetu tumeamua kutopiga picha za watu wakipokea, wengi wao watawaheshimu zaidi, na asiyeelewa huenda alikuwa ananunua picha tangu mwanzo.

Meza ya kuhesabia sadaka imenifundisha mengi juu ya hili. Ibada imekwisha, wazee wa zamu tuko sakristia, makapu yamemwagwa mezani. Sarafu za 500 na za 200 za watoto wa Shule ya Jumapili zinawekwa upande mmoja, noti zinanyooshwa. Noti nyingi huja zimekunjwa. Mwenye 1,000 huikunja ili udogo wake usionekane. Na wako wanaokunja 10,000 mara nne, ikawa ndogo kama kipande cha ubani, ili ukubwa wake usionekane. Ukizikunjua pale mezani huwezi kujua ipi ilikuwa haya na ipi ilikuwa unyenyekevu. Hapo kanisa liko karibu sana na kile chumba cha Hekaluni.

Bahasha za ahadi ni suala jingine, zina namba, na namba ina jina. Sizipingi. Usharika hauwezi kupanga mishahara ya watumishi kwa kubahatisha. Ila anayejua namba ni nani? Kwenye sharika nyingine karatasi ya ahadi hubandikwa ukutani mwisho wa mwaka, jina, aliahidi, ametoa, anadaiwa. Anadaiwa! Tangu lini sadaka ikawa deni la kubandikiwa ukutani? Paulo anawaambia Wakorintho kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni, wala si kwa lazima. Karatasi ile ukutani ndiyo lazima yenyewe, imepigwa na mhuri.

Mnada wa sadaka baada ya ibada nautetea. Yai la bibi wa kijijini linaletwa madhabahuni, halitajwi ni la nani, linakwenda kununuliwa kwa bei ambayo kuku mwenyewe angeshangaa. Aliyeleta hatajwi, anayetajwa ni mnunuzi. Na kwa kuwa mnunuzi anajua fika kwamba yai halifiki elfu ishirini, watu wanacheka naye, na majivuno yanakufa kwa kicheko. Sio kila jambo la hadharani lina sumu.

Hapo nakutana na hoja mnayoisubiri. Sura moja tu kabla ya panda, Bwana alisema nuru yenu iangaze mbele ya watu, wapate kuyaona matendo yenu mema. Anajipinga? Malizieni mstari: wamtukuze Baba yenu aliye mbinguni. Kipimo ni sifa inakwenda wapi. Mgonjwa akiulizwa nani kakulipia, akajibu "kanisa", nuru imeangaza. Akijibu "mheshimiwa fulani", kilichoangaza ni mheshimiwa. Hata Daudi alipotoa hadharani kwa ajili ya Hekalu, 1 Mambo ya Nyakati 29, kwa tarakimu zilizotajwa waziwazi, mwisho wake aliuliza mimi ni nani, na watu wangu ni nini, akakiri kwamba walichotoa kilikuwa cha Mungu tangu mwanzo. Na Anania na Safira, wale mume na mke wa Matendo ya Mitume 5 waliouza kiwanja, hawakuadhibiwa kwa kubakiza sehemu ya fedha. Petro alimwambia Anania wazi kiwanja kilikuwa chake na hata fedha ilikuwa katika uwezo wake. Waliangamia kwa kutaka kununua sifa ya waliotoa vyote kwa bei ya nusu.

Majirani zetu Waislamu nao wanayo hadithi ya Mtume juu ya watu saba watakaopewa kivuli na Mwenyezi Mungu siku isiyo na kivuli kingine, na mmoja wao ni yule aliyetoa sadaka akaificha hata mkono wake wa kushoto usijue. Kwa hiyo ukimsaidia jirani kimyakimya Tanga au Kondoa, huhitaji kumfafanulia, anakuelewa.

Wengine watasema, hayo ni ya senti mbili, fedha kubwa haifichiki. Chuck Feeney aliificha. Mmarekani wa asili ya Ireland, alilelewa Mkatoliki, akatajirika kwa maduka ya bidhaa zisizotozwa ushuru, mengi yao viwanjani mwa ndege. Mwaka 1982 alianzisha taasisi ya kutoa misaada, na mwaka 1984 akaihamishia hisa zake zote, kimyakimya. Magazeti yaliendelea kumwita bilionea wakati mali haikuwa yake tena. Waliosaidiwa walikatazwa kumtaja, majengo ya vyuo yakajengwa bila jina lake. Siri ilitoboka mwaka 1997, baada ya kampuni kuuzwa na mabishano ya wabia kufika mahakamani. Kufikia mwaka 2020 taasisi ilikuwa imetoa zaidi ya dola bilioni 8, ikafungwa, na yeye akafariki mwaka 2023 akiwa anaishi katika nyumba ya kupanga. Miaka ya mwisho alikubali kuzungumza hadharani ili kuwashawishi matajiri wenzake watoe wangali hai. Simlaumu. Alikuwa ameshatoa kila kitu kabla hajafungua mdomo. Wetu wengi hufungua mdomo kwanza, na ahadi inabaki kwenye kumbukumbu za mshereheshaji.

Kwa wanasiasa nitapita haraka, maana uchaguzi ukikaribia mtawaona wenyewe. Novemba 2024 Rais William Ruto alihudhuria misa katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa fedha za kwaya, za watoto na za nyumba ya mapadre, na kuahidi nyingine. Askofu Mkuu Philip Anyolo akatoa tamko kwamba fedha hizo zirudishwe na ahadi zikataliwe. Ilikuwa takriban shilingi milioni 2.6 za Kenya, na paroko angeweza kuzitumia vizuri sana. Wako waliosema tamko lenyewe lilikuwa panda jingine. Labda. Lakini fedha iliyotolewa mbele ya kamera hairudishwi chini ya meza.

Nimefika kwenye vitabu. Paulo, akikusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu, aliwasifu Wamakedonia, lakini hakumtaja hata mtu mmoja wao, aliyataja makanisa. Ila kwenye kuzisafirisha fedha alikuwa mkali kama mkaguzi wa nje. Soma 2 Wakorintho 8 kuanzia mstari wa 18. Anampeleka Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na anasema sababu: mtu asije akatulaumu kwa habari ya karama hii, tukifikiri yaliyo mema si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu. Ndugu huyo msimamizi hakutajwa jina. Kazi yake imetajwa, mamlaka yake imetajwa, jina halipo. Mimi kama mhazini nimejifariji sana na ndugu huyo.

Kwa hiyo kamati ya diakonia iwe na watu watatu, wasizidi, wanaojua majina ya wanaosaidiwa. Daftari lao lina majina na linafungiwa. Daftari la pili halina majina, na hilo lisomwe kila robo mwaka mbele ya wote: gharama za matibabu, kaya nne, kiasi hiki; chakula, kaya kumi na moja; kodi ya pango, mbili; salio hili. Mkaguzi aliyechaguliwa na usharika aruhusiwe kuyalinganisha madaftari yote mawili, na ale kiapo cha kunyamaza. Anayekataa kukaguliwa kwa kisingizio cha Mathayo 6 aondolewe kwenye kamati siku hiyo hiyo, kwa upole, lakini aondolewe.

Mgonjwa akipewa namba ya malipo dirishani, hiyo namba inatosha. Mtu wa kamati analipa kwa simu akiwa nyumbani kwake, na muuguzi anamwambia mgonjwa deni lako limelipwa, unaweza kwenda. Ada ya shule za serikali imefutwa, lakini sare na madaftari havijafutwa. Fedha apewe mama, mama aende na mwanawe kwa fundi cherehani, mtoto aone mama yake akilipa. Hilo la mwisho msilidharau, linarudisha kitu ambacho hakiandikwi kwenye bajeti.

Wenyeviti wa jumuiya, mnapoingia nyumba ya mwenye haya, msiende watu kumi na nyimbo za pambio. Aende mmoja, jioni, na kikapu cha kawaida kama anayepita kusalimia, na akikaribishwa chai ainywe.

Baba Mchungaji, nafasi ya maswali umeniambia ni nusu saa. Naomba la kwanza niliulize mimi, kwa kamati ya fedha ya usharika mwenyeji, ambayo naiona pale safu ya tatu. Taarifa ya diakonia ya mwaka jana, ile isiyo na majina, itabandikwa ubaoni lini? Nitafurahi tukipata tarehe kabla hatujatoka kwenda chai.